Asilimia ya Nini, kwa Muda Gani? Kufundisha Hesabu za Ardhi na Nyumba katika Mikoa ya Shinyanga na Geita

1. Utangulizi

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi iliyo karibu na mji wa Kahama, tuliketi nyuma ya darasa tukamsikiliza mwalimu mwanafunzi akifundisha riba. Kanuni ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa mwandiko mzuri: mtaji mara kiwango mara muda, gawanya kwa 100. Wanafunzi walifanya maswali 5, na wengi wao waliyapata yote. Kabla kengele haijalia tuliomba ruhusa ya kuuliza swali moja. Tuliuliza: "Mtu mmoja anakopesha kwa asilimia 18 kwa mwaka; mwingine anakopesha kwa asilimia 10 kwa mwezi. Mkopo wa nani ni nafuu?" Darasa lilijibu kwa sauti moja kwamba ni wa yule wa asilimia 10. Mwalimu mwanafunzi naye alikuwa amekwisha kuitikia kwa kichwa kabla hajatanabahi.

Twakisimulia kisa hiki si kwa nia ya kumfedhehesha mtu. Kosa lile ni letu sote tunaofundisha kanuni bila kufundisha maana yake. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita kosa hilo lina gharama kubwa. Humo ardhi hutwaliwa kwa ajili ya migodi na barabara, vyumba hupangishwa kwa wageni wanaofuata dhahabu, na nyumba za wazee huwekwa rehani kwa ajili ya mitaji ya uchimbaji. Mtoto aliyejibu kwamba 10 ni nafuu kuliko 18 ataulizwa tena swali hilo hilo baada ya miaka michache, na safari hiyo wa kumsahihisha hatakuwapo.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, kumwonyesha mwalimu mwanafunzi kwamba maarifa yanayosomwa katika shahada za juu juu ya fedha na uwekezaji katika ardhi na majengo yamejengwa juu ya hesabu za madarasa ya juu ya shule ya msingi. Pili, kueleza hatua za somo linaloweza kufundishwa kwa hesabu hizo katika mazingira ya mwanafunzi.

2. Mwenye ngitili na msomi wa Chuo Kikuu

Wasukuma wana desturi ya kutenga sehemu ya malisho, isichungiwe mifugo wakati wa masika, ili nyasi zake zitumike kiangazi. Sehemu hiyo huitwa ngitili. Desturi hii ilikuwa imefifia sana, ndipo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulipoihuisha pamoja na wananchi, hata mamia ya maelfu ya hekta yakarudishiwa nyasi na miti.

Mwenye ngitili hukabiliwa na maswali matatu. La kwanza: nikijinyima nyasi za leo, nitapata nyasi kiasi gani kesho? La pili: kiasi hicho chastahili kungojewa? La tatu: itakuwaje moto ukipita, au mvua ikikosa, au mwingine akaingiza ng'ombe wake usiku?

Msomi wa shahada ya uzamili anayesoma fedha na uwekezaji katika milki ya ardhi na majengo anasoma maswali hayo hayo matatu, ingawa majina yake ni mengine. La kwanza ni pato la uwekezaji. La pili ni thamani ya fedha kulingana na wakati. La tatu ni hatari ya kupata hasara. Hapa nchini masomo ya ardhi na uthamini yana makao yake makuu katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, ambacho kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 1996, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Msomi wa fani hii hujifunza pia sheria za ardhi, uthamini wa majengo, mikopo ya rehani na mwenendo wa bei katika miji. Hata hivyo, akinyimwa asilimia, uwiano na wastani, hawezi kupiga hatua hata moja.

Tutazame swali la pili, kwa kuwa ndilo linalowatatiza wengi. Shilingi ya leo si sawa na shilingi ya mwakani. Mtu mwenye Sh. 100,000/= leo, akiziweka mahali penye faida ya asilimia 8 kwa mwaka, mwakani atakuwa na Sh. 108,000/=. Kwa hiyo anayekuahidi Sh. 108,000/= baada ya mwaka mmoja amekuahidi kitu ambacho leo thamani yake ni Sh. 100,000/= tu. Msomi wa uzamili huitumia kanuni hii kwa miaka 20 au 30 na kwa mabadiliko mengi ya viwango. Mwanafunzi wa shule ya msingi huitumia kwa mwaka mmoja au miwili. Tofauti ni ya urefu wa safari, si ya njia.

3. Mwenye ardhi anamiliki nini?

Kabla ya kufanya hesabu yoyote ya ardhi, hatuna budi kujua ni kitu gani kinachohesabiwa. Katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Umilikaji wa ardhi usio na kikomo, uliorithiwa kutoka wakati wa ukoloni, ulikomeshwa kwa sheria ya mwaka 1963. Anachokuwa nacho mwananchi ni haki ya kuikalia na kuitumia ardhi. Kwa ardhi iliyopimwa mijini, haki hiyo hutolewa kwa muda uliotajwa katika hati, usiozidi miaka 99. Kwa ardhi ya kijiji, hakimiliki ya kimila hutolewa na halmashauri ya kijiji, na yaweza kuwa haina kikomo cha muda. Mambo haya yamo katika Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001.

Historia ya fedha za nyumba nchini nayo ina mafunzo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971, kwa Sheria ya Kutwaa Majengo, Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000/=. Benki ya Nyumba ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972 ili kuwakopesha wananchi fedha za kujengea, ilifungwa mwaka 1995. Baadaye sheria ya mwaka 2008 iliweka masharti mapya ya mikopo ya rehani. Twaona, basi, kwamba haki ya nyumba na njia ya kupata fedha za kuijenga hubadilika kwa sheria na kwa nyakati. Ndiyo maana msomi wa fani hii hasomi hesabu peke yake.

4. Thamani ya nyumba katika mji wa mgodi

Mwanafunzi aulizwapo kwa nini nyumba ina thamani, aghalabu hujibu: kwa sababu ya matofali na mabati. Jibu hilo si kosa, bali halijatimia. Nyumba ya kupangisha huwa na thamani kwa sababu kuna mtu anayetaka kukaa ndani yake na mwenye uwezo wa kulipa. Hapo ndipo eneo letu linapotoa mifano mizuri kuliko kitabu chochote.

Mji wa Mwadui, katika wilaya ya Kishapu, ulizaliwa na almasi iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Huko Geita mgodi wa dhahabu wa wakati wa ukoloni uliendelea mpaka mwaka 1966, ukafungwa. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Kwa muda wa zaidi ya miaka 30 katikati, mwamba ulikuwa ule ule na dhahabu ilikuwa ardhini, lakini ajira za mgodi mkubwa hazikuwapo. Mgodi wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufikia mwisho wake mwaka 2021. Yaani mtoto aliyezaliwa mgodi ulipofunguliwa alikuwa bado yu shule ya msingi ulipofungwa.

Mwenye kujenga vyumba vya kupangisha karibu na mgodi hana budi kujiuliza: mgodi huu una umri gani uliobaki? Na mji huu una kazi gani nyingine? Mji wenye soko la mpunga, pamba na mifugo, na ulio kwenye njia kuu, una miguu mingi ya kusimamia. Kitongoji kilichoota kando ya maduara ya wachimbaji wadogo chaweza kujaa watu kwa msimu mmoja na kuachwa kitupu msimu unaofuata, kwa kuwa habari za mwamba mpya zimesikika kwingine.

Kosa la kudhani kwamba bei ya nyumba hupanda daima si la watu wa vijijini peke yao. Msukosuko wa fedha uliolipuka Marekani na kuenea duniani mwaka 2008 ulitokana kwa sehemu kubwa na mikopo ya nyumba waliyopewa watu wasio na uwezo wa kuilipa, kwa tumaini kwamba bei za nyumba zingezidi kupanda. Bei ziliposhuka, wengi walipoteza nyumba zao.

5. Somo la mfano: vyumba vitatu vya kupangisha

Somo hili lafaa kwa vipindi viwili katika madarasa ya juu.

Lengo: Mwanafunzi aweze kukokotoa pato la mwaka la nyumba ya kupangisha, kulilinganisha na gharama kwa asilimia, na kueleza tofauti ya riba ya mwezi na riba ya mwaka.

Zana: Kalenda ya miezi 12 iliyochorwa kwenye karatasi kubwa, chaki za rangi, noti za karatasi zilizotengenezwa na wanafunzi wenyewe.

Hatua ya 1. Mwalimu aeleze habari za mtu wa kubuni, kwa mfano Mama Nyanzala, aliyejenga vyumba vitatu kwa Sh. 12,000,000/=. Kila chumba hupangishwa kwa Sh. 30,000/= kwa mwezi. Wanafunzi wakokotoe kodi ya pango ya mwezi mmoja, yaani Sh. 90,000/=, kisha ya mwaka, yaani Sh. 1,080,000/=.

Hatua ya 2. Mwalimu aulize: "Je, fedha hizi zote ni faida?" Wanafunzi wenyewe wataje matengenezo ya paa, milango, choo na kodi za Serikali. Tuchukue gharama hizo kuwa Sh. 180,000/= kwa mwaka. Linalobaki ni Sh. 900,000/=. Likigawanywa kwa Sh. 12,000,000/=, pato ni asilimia 7.5 kwa mwaka. Mwalimu asikubali jibu la "asilimia 7.5" peke yake. Mwanafunzi aseme kwa ukamilifu: "asilimia 7.5 ya gharama ya kujenga, kwa mwaka."

Hatua ya 3. Sasa mgodi umepunguza wafanyakazi, na vyumba vyote vitatu vimekaa vitupu miezi 4. Mwanafunzi mmoja aje mbele aifute miezi 4 kwenye kalenda. Imebaki miezi 8. Kodi ya pango ni Sh. 720,000/=; ukitoa gharama zile zile za Sh. 180,000/= hubaki Sh. 540,000/=, yaani asilimia 4.5. Mwalimu aonyeshe kwamba miezi imepungua kwa theluthi moja, lakini pato limepungua kwa zaidi ya theluthi, kwa sababu paa halikungoja wapangaji ndipo livuje. Hilo ndilo neno "hatari" katika vitabu vya uwekezaji, na mtoto ameliona kwa macho yake.

Hatua ya 4. Mwalimu aulize: "Ingekuwaje kama nusu ya fedha za kujengea zilikuwa za mkopo?" Mkopo ni Sh. 6,000,000/= kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza, kabla ya kurudisha sehemu yoyote ya mkopo wenyewe, ni Sh. 1,080,000/=. Lakini pato la nyumba ikiwa imejaa wapangaji ni Sh. 900,000/=. Hata katika mwaka mwema zinapungua Sh. 180,000/=, na fedha hizo lazima zitoke shambani au zizini. Darasa litanyamaza hapa. Mwalimu na awaache wanyamaze kidogo, kwa maana wanafikiri.

Hatua ya 5. Hatimaye lije swali tulilolianza nalo. Mtu akopa Sh. 500,000/= kwa asilimia 10 kwa mwezi. Wanafunzi waweke noti za Sh. 50,000/= juu ya kila mwezi wa kalenda. Baada ya mwezi wa 12, noti zilizowekwa ni Sh. 600,000/=, nazo zimezidi mkopo wenyewe; na deni la Sh. 500,000/= bado liko pale pale. Hiyo ni asilimia 120 kwa mwaka. Mikopo ya namna hii ndiyo ambayo watu wameipa jina la "kausha damu". Mtoto aliyeziona noti zile juu ya kalenda hatasema tena kwamba 10 ni nafuu kuliko 18.

6. Hesabu ya fidia

Kwa madarasa yaliyo imara, somo laweza kuendelezwa hadi fidia ya ardhi. Sheria ya Ardhi yataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni zilizotolewa mwaka 2001 zinaonyesha sehemu zake. Licha ya thamani ya ardhi na maendelezo yaliyomo, imo posho ya usumbufu, inayopatikana kwa kuzidisha thamani hiyo kwa wastani wa riba ambayo mabenki hutoa kwa amana za miezi 12. Imo pia posho ya makazi, ambayo ni kodi ya pango ya mwezi mara miezi 36, pamoja na posho ya usafiri kwa mzigo wa tani 12 ndani ya kilometa 20. Posho za makazi na usafiri hazilipwi kwa ardhi isiyokaliwa na mtu.

Tuchukue mfano. Nyumba na shamba vina thamani ya Sh. 10,000,000/=. Riba ya amana ni asilimia 8, kwa hiyo posho ya usumbufu ni Sh. 800,000/=. Nyumba kama hiyo hupangishwa kwa Sh. 40,000/= kwa mwezi; mara 36 ni Sh. 1,440,000/=. Jumla, kabla ya usafiri, ni Sh. 12,240,000/=.

Sasa tuseme fedha hizo zimecheleweshwa miaka miwili. Kama zingelipwa mapema na kuwekwa kwa asilimia 8, mwaka wa kwanza zingefikia Sh. 13,219,200/=, na mwaka wa pili, kwa kuwa riba nayo huzaa riba, Sh. 14,276,736/=. Anayelipwa Sh. 12,240,000/= zile zile baada ya miaka miwili amepungukiwa Sh. 2,036,736/= ingawa karatasi yasema amelipwa yote. Ndiyo sababu kanuni hizo zataka riba ilipwe malipo yanapopita miezi 6. Hapa mwanafunzi hujua kwa nini neno "haraka" limewekwa katika sheria kando ya neno "haki".

7. Mambo ya kuangaliwa na mwalimu

Kwanza, mwalimu asimwulize mtoto mali ya wazazi wake, deni lao wala fidia yao. Darasani mwaweza kuwa na mtoto ambaye nyumba yao imeuzwa kwa deni, au ambaye wazazi wake wana shauri la ardhi. Tutumie watu wa kubuni daima.

Pili, mwalimu si mthamini wala wakili. Mzazi akija na karatasi zake, mwalimu aweza kumsaidia kusoma na kujumlisha, kisha amwelekeze kwa afisa ardhi wa wilaya. Sheria ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wa kuwasajili wathamini, na kazi hiyo ni yao. Kanuni pia hubadilishwa. Mwalimu ahakikishe masharti yanayotumika wakati huo.

Tatu, somo hili si la wavulana. Kwa mujibu wa sheria, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume. Lakini ridhaa ya mtu asiyejua kusoma asilimia ni ridhaa ya kidole gumba tu. Msichana anayejifunza leo kuuliza "ya nini, kwa muda gani" ndiye mama atakayeisoma karatasi kesho kabla ya kutia sahihi.

Nne, tusiwatie watoto hofu ya mkopo wala ya kujenga. Mkopo ni chombo kama jembe. Twawafundisha kupima, si kukimbia.

8. Hitimisho

Walimu wanafunzi wengi watapangiwa shule ambazo wachache tu wa wanafunzi wake watafika chuo kikuu, na pengine hakuna hata mmoja atakayesoma shahada ya uzamili katika fedha za ardhi na majengo. Lakini karibu wote watapanga chumba, au watapangisha, au watarithi shamba, au wataombwa kuweka sahihi. Yule mmoja atakayefika chuo kikuu atahitaji msingi huu ili ajenge juu yake. Wale wengine watauhitaji ili wasibomolewe.

Mazoezi kwa mwalimu mwanafunzi

1. Andaa somo la dakika 40 juu ya riba kwa kutumia kalenda, pasipo kuandika kanuni ubaoni mpaka dakika 10 za mwisho.

2. Katika mfano wa Mama Nyanzala, chumba kimoja tu kimekaa kitupu miezi 4. Onyesha kwamba pato ni asilimia 6.5 ya gharama ya kujenga, kwa mwaka.

3. Tunga maswali matatu ya asilimia yanayotokana na pamba, mpunga au ng'ombe, ambamo mwanafunzi hawezi kupata jibu bila kutaja "ya nini" na "kwa muda gani".

4. Jadilianeni katika vikundi: je, mtu ajenge vyumba 6 karibu na mgodi, au vyumba 3 karibu na soko la mji? Kila kikundi kitoe hesabu zake, na kieleze jambo moja ambalo hesabu hizo haziwezi kulionyesha.